Mlango wa mninga unapasuka Agosti: kosa liko wapi?

SWALI: Shikamooni walimu. Mimi ni kijana, nafanya kazi kwenye karakana ya baba mdogo hapa Ipuli, Tabora, na mwakani nataka kufungua yangu. Milango ninayotengeneza Februari ikifika Agosti inaachia kwenye maungio na paneli zinapasuka. Wateja wananiambia nimewauzia mbao mbaya, ilhali ni mninga safi. Nikinunua mashine ya randa itanisaidia?

JIBU: Marahaba, mwanetu. Randa haitakusaidia kwa hilo. Mninga nao usiulaumu, maana ukishakauka ni mbao iliyotulia kuliko nyingi tunazozifahamu. Shida ni kwamba unaufanyia kazi ukiwa bado na maji. Ubao huanza kusinyaa maji yanaposhuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wake mkavu, na husinyaa kwa upana, kwa urefu ni kidogo mno. Kiangazi cha Tabora, Mei hadi Oktoba, kinaukausha ukiwa tayari kwenye nyumba ya mteja.

Kwa hiyo mbao za milango ya Februari zikaushwe kiangazi kilichotangulia, kisha zitunzwe ndani mvua zikianza Novemba. Ziinue kwa matofali angalau sentimita 40 kutoka chini. Kati ya safu na safu weka fito kavu za inchi 1, kila baada ya futi 2, na fito zote zisimame mstari mmoja toka chini hadi juu; zikipishana, ubao utapinda palepale zilipopishana. Juu ezeka bati, pande acha wazi upepo upite, jua lisizipige. Ncha za kila ubao zipake rangi nzito ya mafuta siku ileile zinapofika, kwa kuwa ncha hukauka kabla ya katikati na nyufa huanzia hapo.

Usihesabu miezi, pima. Kata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, si kwenye ncha, ukipime kwa mzani wa gramu. Kikaushe kwenye oveni ya nyuzi 103 mpaka uzito ugome kushuka, halafu pima tena. Kama kilikuwa gramu 500 na sasa ni 420, maji yaliyotoka ni gramu 80. Gawanya kwa 420 upate asilimia 19. Huo haujafika. Kwa mlango lenga 12 hadi 14.

Sasa paneli. Zinapasuka kwa sababu umezibana kwa gundi au misumari, na paneli iliyobanwa ikisinyaa haina pa kwenda. Chimba mfereji wa milimita 12 kwenye fremu ya shata (mlango wenyewe unaofunguka), paneli iingie milimita 10 tu kila upande, bila gundi. Ipake vanishi kabla ya kuiunganisha, la sivyo kiangazi kitaonyesha mstari mweupe pembeni. Gundi iende kwenye ulimi (ncha ya ubao iliyochongwa nyembamba) na tundu unamoingia peke yake. Unene wa ulimi uwe theluthi ya unene wa ubao, yaani milimita 15 kwa ubao uliorandwa ukabaki 45.

Mtaji wako wa kwanza, basi, uwe rundo la mbao linalokauka. Kurandisha unaweza kwa jirani mwenye mashine ukamlipa kwa kazi.

SWALI: Nakadiria bei ya mlango kwa macho, mwisho nabaki na hela ya chakula tu. Mafundi wakubwa wanapigaje hesabu? (Msomaji, Urambo)

JIBU: Kwa futi za ujazo. Ubao wa inchi 2 kwa 6 wenye urefu wa futi 12 ni futi 1 ya ujazo kamili. Shata ya sentimita 80 kwa 200 yenye paneli mbili inakula mbao mbili za namna hiyo: kila moja inatoa ubao wa wima na kipande kimoja au viwili vya kulala. Paneli zinahitaji mbao mbili za 1 kwa 8 za futi 12, yaani futi 1.33. Jumla ni 3.33, ongeza asilimia 15 kwa nyufa na mafundo, inakuwa kama 3.8. Zidisha kwa bei ya soko ya siku hiyo.

Halafu andika bawaba tatu, kitasa, gundi, msasa, sanding sila, vanishi, thina, umeme, kodi ya pango na kunoa visu. Siku zako za kazi zilipe kama ambavyo ungemlipa fundi mwingine. Faida inakuja baada ya hapo, na ndiyo inayonunua mbao za mwakani. Wengi huchanganya ujira na faida, wakala vyote viwili. Malipo ya awali yasipungue gharama ya mbao na vyuma. Mteja akikataa, kazi hiyo iache.

Mbao nunua zenye risiti na hati ya kusafirishia ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania). Zikikamatwa hazina karatasi, mtaji wote umekwenda.

SWALI: Milango ina washindani wengi. Kuna kitu kingine cha kuanzia hapa Sikonge? (Fundi anayeanza)

JIBU: Mizinga ya nyuki. Wafugaji mnao mlangoni, na mzinga wa pau za juu (sanduku lililofunikwa kwa vipande vya mbao ambavyo nyuki huning'iniza masega yao) ni kazi ya msumeno, randa na nyundo. Lililo gumu ni pau: kila moja iwe na upana wa milimita 32 kamili, ndio unaofuata nafasi ya masega ya nyuki wetu. Ukitoa 35, nyuki watajenga sega likivuka pau mbili, na mfugaji hataweza kulitoa bila kulivunja. Tengeneza kipimo cha chuma, pitisha kila pau humo. Mzinga wenye nafasi ya sentimita 90 ndani unachukua pau 28, zigusane bila mwanya. Ndani usipake rangi, na mbao zilizotiwa dawa ya mchwa usizitumie kabisa, zinaua nyuki. Vipande vikavu vya inchi 1 vinavyobaki kwenye milango vinafaa pale.