Usigawe kwa kila namba, kuna njia fupi

Ndugu yangu, umeuliza kama 4,294,967,297 ni namba tasa, maana umeigawa kwa namba tasa zote hadi 100 na hakuna iliyoingia. Si tasa. Hata mwanahisabati Pierre de Fermat aliamini ni tasa, mpaka mwanahisabati mwingine, Leonhard Euler, alipoivunja mwaka 1732.

Anza kwa kutazama imetoka wapi: ni 2 kwa kipeo cha 32, ongeza 1. Umbo hilo ni msaada mkubwa, kwa sababu kila kigawo tasa cha namba hii lazima kiwe 64 mara namba nzima fulani, ukiongeza 1. Kwa hiyo zote ulizojaribu hazikuwa na nafasi tangu mwanzo! Zinazostahili kujaribiwa ni 193, 257, 449, 577, kisha 641. Hiyo ya tano inaingia bila baki:

641 × 6,700,417 = 4,294,967,297

Zidisha mwenyewe kwa mkono, inapendeza sana. Hiyo 6,700,417 ni tasa, kwa hiyo hapo umemaliza. Ukikutana na namba kubwa nyingine, chunguza umbo lake kabla hujashika kikokotoo.