Kabla hujapanga harusi ya Zanzibar, muulize mvuvi

Juzi nimepokea ujumbe wa binti mmoja wa Mwanza. Yeye na mchumba wake wanataka harusi Zanzibar, ufukweni, wageni hamsini, mwezi wa saba. Ameuliza: "Dada, nianzie wapi?" Nimeongea naye kwenye simu karibu saa nzima, kisha nikaona niandike kabisa, maana wenye ndoto hii ni wengi na mimi niliifikia.

Mdogo wangu, anza na bahari. Hoteli, mpambaji na mpiga picha watafuata.

Sisi tulifunga ndoa kanisani Dar siku ya Alhamisi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ni ya Bara, Zanzibar wana sheria zao, hivyo makaratasi tuliyamaliza nyumbani. Jumamosi tukarudia viapo Paje, pwani ya mashariki ya Unguja. Tulipanga saa nne asubuhi ili ndugu wawahi boti ya alasiri, Jumatatu waende kazini. Tarehe tuliichagua kwa kuangalia likizo ya mume wangu. Mwezi wa angani hakuna aliyeutazama.

Nilitoka chumbani na shela langu, nimeshika mkono wa baba, nikatafuta bahari nisiione. Maji yalikuwa yamekupwa hadi kule kwenye mwamba, zaidi ya kilomita moja. Mbele ya tao letu la maua kulikuwa na mchanga mbichi, vidimbwi, na mistari ya vijiti vya mwani. Kina mama walikuwa wameinama wakivuna, khanga zimefungwa kiunoni, viroba vyao vimejaa. Mmoja alisimama akanipigia kigelegele kutoka mbali. Nililia, na si kwa furaha.

Mzee mmoja mvuvi aliyekaa chini ya mnazi akaniambia kwa upole, "Bamvua hii, mwanangu. Maji yatarudi saa kumi." Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, huja mwezi ukiwa mpevu na ukiandama, na Zanzibar siku hizo maji hupwa sana mnamo saa nne na hujaa mnamo saa kumi. Tungesogeza wiki moja tu, saa nne ile ile maji yangekuwa yamejaa, japo si kwa wingi wa bamvua. Mwenye hoteli alilijua hilo. Alipokea malipo ya awali akanyamaza, na mpaka leo sijamsamehe moyoni.

Ukitaka maji yasiyokimbia mbali, nenda Nungwi au Kendwa, kaskazini. Masika, Machi hadi Mei, usithubutu. Ramadhani nayo huwahi kwa kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo iangalie mapema na uwaheshimu wenyeji wako. Julai hakuna mvua ya kutisha ila kuna kusi, upepo wa kusini: mawimbi kwenye boti, upepo unaomeza sauti ya mchungaji. Shangazi yangu alitapika kuanzia Dar hadi Malindi, bandari ya Unguja, na keki nimeipakata mwenyewe magotini safari nzima.

Lakini kidonda changu kikubwa ni michango. Kamati ilikaa vikao sita, watu wakatoa kama kawaida yetu, kadi za mmoja na za wawili. Kisha tukawaambia sherehe ni Zanzibar, nauli na malazi juu yenu. Mama mkubwa, aliyenilea miaka minne nikisoma sekondari, alichanga laki mbili na hakuonja hata pilau. Hakulalamika. Alinitumia ujumbe wa pongezi, na tangu siku hiyo nikimpigia anazungumza nami kama mgeni. Usichukue mchango wa mtu kwa sherehe ambayo hawezi kuifikia! Ama fanya ya kwenu wawili kwa fedha zenu, ama mfanyie tafrija nyumbani kwanza, ale, acheze, akubariki. Sisi vijana tunasahau kwamba harusi ni ya wazee pia.

Na muulize mvuvi. Narudia, muulize mvuvi.

Binti wa Mwanza, tarehe uliyonitumia nimeitazama kwenye kalenda ya mwezi. Inaangukia siku mbili baada ya mwezi mpevu. Kama mnafanya saa kumi na moja jioni, ichukueni, bahari itakuwa miguuni penu. Kama ni asubuhi, sogezeni.