Ukuta ulipoanguka, dansi likahamia kwenye hazina

SWALI: Kwa nini wachezaji wa tekno wa Berlin walichagua maghala na vyumba vya chini? Na sauti waliimudu vipi humo? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Tekno, muziki wa dansi wa mashine za kielektroniki, haikusubiri kuanguka kwa Ukuta uliotenga Berlin Mashariki na Magharibi. Klabu ya UFO ilifunguliwa Berlin Magharibi mwaka 1988, na vijana wa Mashariki walinasa muziki huo redioni, maana mawimbi hayana mpaka. Baada ya Novemba 9, 1989, majengo mengi ya Mashariki yalibaki matupu, mmiliki hajulikani. Hapo ndipo vijana wa pande mbili walipocheza sakafu moja, na hilo ndilo kubwa kuliko majengo yenyewe. Klabu ya Tresor ilifunguliwa Machi 1991 katika hazina, yaani chumba imara cha kutunzia vitu vya thamani, chini ya duka la zamani la Wertheim, Leipziger Straße, visanduku vya chuma vikiwa bado ukutani.

Sasa sauti. Zege hurudisha mlio, na besi hujaa pembeni. Hatari kubwa ni mngurumo: mtetemo wa spika hupanda mezani, hufika kwenye sindano inayosoma santuri, hurudi kwenye spika ukiwa umeongezeka. Dawa yake ni kuweka mashine ya santuri juu ya bamba zito la zege lililolazwa kwenye sponji, mbali na spika za besi. Ukipunguza sauti tu, hujatibu chanzo.

Jasho la watu nalo hugeuka matone darini. Funika viungio vya nyaya, viinue kutoka sakafuni, na usizibe njia ya hewa wala ya kutokea.