Namba zilizojirudia: usilinganishe kila moja na zote

Mdogo wangu, pole na kazi. Unasema programu yako ya namba 20,000 za wakulima wa kahawa hapo Moshi inachelewa mno kutafuta zilizojirudia. Kompyuta haina kosa. Lupu (maagizo yanayorudiwa) ndani ya lupu inalinganisha karibu mara milioni 200!

Tumia seti ya Python, ile lugha ya kuandikia programu. Seti ni mkusanyo usioweka kitu kimoja mara mbili. Chukua namba, uliza kama imo. Kama haimo, itie. Kama imo, hiyo imejirudia. Orodha inapitiwa mara moja tu. Kabla ya kugusa kibodi, jaribu kwa kalamu: 14, 9, 14. Ukifika 14 ya pili, utaikuta tayari imo. Hapo ndipo vijana ninaowaelekeza huku Arusha huelewa.

Kumbukumbu ya kompyuta itatumika zaidi kidogo, usihofu. Ikibana, panga orodha kwanza. Zinazofanana zitakaa jirani.