Diski inasoma asilimia 100: ni mbovu au inasumbuliwa?

SWALI: Nina duka la stesheneri Igoma, Mwanza. Kompyuta ni Windows 10, RAM GB 4, diski ya kuzunguka GB 500. Niliweka programu ya kusafisha RAM na nyingine ya kuharakisha diski. Sasa nikichapa barua ya mteja Word inaganda, na Task Manager inaonyesha Disk 100%. Ninunue diski mpya?
Msomaji, Igoma

JIBU: Usinunue kwanza, ndugu yetu. Programu hizo mbili zinagombea RAM ileile (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), na mzigo wote unaangukia diski.

Ile ya kusafisha hulazimisha programu zilizo wazi ziachie RAM. Kipimo kinashuka, mtu anafurahi, kumbe sehemu ya kazi ya Word imehamishiwa pagefile.sys, faili lililomo ndani ya diski. Ukirudi kwenye barua, inabidi isomwe upya kutoka diski. Huku ile ya kuharakisha inaijaza nafasi iliyoachwa kwa nakala za mafaili. Msafishaji anaona RAM imejaa, anafagia tena. Kwenye diski ya mizunguko 5400 kwa dakika, kufikia kipande kimoja huchukua kama milisekunde 15. Vipande elfu vilivyotawanyika ni sekunde 15 umekaa tu, mteja amesimama.

Hakikisha: bonyeza Windows na R, andika resmon, ingia Memory, tazama safu ya Hard Faults/sec (mara ngapi kwa sekunde data inafuatwa kwenye diski kwa kukosekana kwenye RAM) bila kugusa kitu. Ikiruka hadi mamia kila msafishaji anapofanya kazi, umempata.

Anza na ya kuharakisha. Zima kwanza uandishi wa kuahirishwa, kama inao, usubiri imalize kuandika. Hili msilipuuze: data iliyoahirishwa imo kwenye RAM, umeme ukikatika imekwenda. Kisha ziondoe zote mbili na uchague Restart, si Shut down, maana Fast Startup ikiwa imewashwa, Shut down haianzishi mfumo upya kabisa. Pagefile iachie Windows iisimamie yenyewe.

SysMain, huduma ya Windows inayopakia mapema programu unazotumia mara kwa mara, usiizime kwa sababu tu umesikia mtaani. Kwenye diski ya kuzunguka mara nyingi inasaidia.

Bado 100%? Kwenye Task Manager, ingia Performance, kisha Disk, utazame Average response time (muda diski inaochukua kujibu). Ikibaki mamia ya milisekunde huku kinachosomwa ni KB chache tu, hapo huenda diski yenyewe inaumwa: nakili mafaili yako leo. Diski ikiwa nzima, ongeza RAM ifike GB 8, ukimwonyesha fundi ile ya zamani, kwani RAM zina aina tofauti, na DDR3 haiingii tundu la DDR4.