Je, Mazoezi ya Vyuma Yalitoka Jukwaani?

SWALI: Ndugu Mhariri, kijana wangu hunyanyua vyuma kila jioni, na mjomba wake humwambia kuwa hiyo ni sarakasi tu. Je, ni kweli kwamba mazoezi haya yalianzishwa na watu wa miraba minne waliokata minyororo jukwaani, na nguvu zao zilikuwa za kweli? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, kuhusu asili yake mjomba hajakosea. Udanganyifu nao ulikuwa rahisi: vyuma vya wakati ule vilikuwa na tufe kila upande, na tufe lenye uwazi ndani liliweza kujazwa mchanga au risasi, hata aliyeketi ukumbini asijue kwa macho kama kinachoinuliwa ni kizito au chepesi. Ndiyo maana mashindano ya ana kwa ana yalikuwa na thamani kubwa. Mwezi Novemba 1889, jijini London, Eugen Sandow, mtu wa miraba minne mzaliwa wa Königsberg, Ujerumani ya wakati ule, alimkabili Charles Sampson, mwonyesha nguvu mwenzake wa jukwaani, aliyekuwa ametangaza zawadi kwa yeyote atakayeyaweza aliyoyafanya yeye, likiwemo lile la kukata mnyororo uliozungushwa mkononi kwa kutunisha misuli tu. Sandow alishinda, na jina lake likavuma.

Kwa maoni yangu, badiliko kubwa lilikuja mwaka 1893 huko Chicago, chini ya mwandaaji wa maonyesho Florenz Ziegfeld, pale watu walipoanza kulipa kiingilio ili wauone mwili wenyewe wa Sandow, wala si mzigo aliouinua tu. Aliyeuona alitaka kujua ulijengwaje, na Sandow akawa na jibu: mwaka 1897 alifungua chuo cha mazoezi London, na mwaka uliofuata akaanzisha jarida. Aliuza pia vyuma vidogo vya mkononi vilivyopasuliwa pande mbili na kutiwa springi katikati, ambavyo mtu alipaswa kuvibana muda wote wa zoezi, kwa hiyo hata karani mwembamba aliweza kuanzia chumbani mwake.

Tarehe 14 Septemba 1901, katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, aliwashindanisha wanafunzi wake, huku Arthur Conan Doyle, mwandishi wa hadithi za Sherlock Holmes, akiwa miongoni mwa waamuzi. Mshindi, William Murray wa Nottingham, alipewa sanamu ya dhahabu. Naomba mjomba alisikie hili: hakuna aliyetakiwa kukata mnyororo siku hiyo, wala ukubwa wa misuli peke yake haukutosha, kwani waamuzi walipima ulinganifu wa viungo, afya, na hata hali ya ngozi.