Hewa imevuja ndani ya pafu la mtoto njiti: mbona hakuwekewa mrija?

Swali: Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto wachanga. Mtoto njiti wa wiki 27, akiwa siku ya pili kwenye mashine ya kupumulia, alianza kuhitaji oksijeni zaidi. Eksirei ikaonyesha hewa imevuja ndani ya pafu la kushoto. Mbona daktari hakuweka mrija wa kifuani, akapunguza tu presha ya mashine na kumlaza ubavu wa kushoto?

Jibu: Mrija hutoa hewa iliyojikusanya mahali pamoja, kati ya pafu na ukuta wa kifua. Hii yenu haijajikusanya. Safaktanti, yaani utelezi unaozuia vifuko vya hewa vya pafu visinywee, ikipungua, baadhi ya vifuko hivyo hunywea, vilivyobaki hubeba presha yote na kupasuka. Hewa hupenya kwenye ala inayozunguka mishipa ya damu na kutambaa kuelekea katikati ya kifua, njia ambayo mtafiti Charles Macklin aliieleza mwaka 1939. Ukichoma mrija hapo, unatoboa pafu bure.

Itazame tena ile picha. Hewa iliyo ndani ya njia zake hugawanyika kama matawi na kuzidi kuwa nyembamba. Iliyovuja ni vistari vifupi vyeusi visivyo na matawi, na vitundu kama povu, mpaka ukingoni mwa pafu.

Hewa hiyo haimsaidii mtoto kupumua, inabana tu. Pafu linakuwa gumu, damu inapita kwa shida, oksijeni inashuka na kabonidayoksaidi inapanda. Hapo mkono unataka kuongeza presha, na ndilo kosa ninaloliogopa kuliko yote, kwa sababu kila pumzi yenye nguvu zaidi husukuma hewa nyingine kwenye ufa uleule. Daktari wenu alifanya sawa. Wenye mashine ya mitetemo ya kasi, inayopumulia kwa pumzi ndogo sana za haraka, huihamia mapema. Na kwa mtoto mchanga, pafu la upande aliolalia hupata hewa kidogo: la kushoto linapumzika na ufa unapata nafasi ya kuziba, la kulia linabeba kazi.

Usiache kumwangalia, maana hewa hiyo inaweza kutokea nje ya pafu, au kuzunguka moyo. Oksijeni ikiporomoka ghafla, upande mmoja wa kifua ukavimba na presha ya damu ikashuka, ita daktari na umulike kifua kwa taa. Upande huo ukiwaka mwekundu kuliko mwenzake, hiyo sasa ni numothoraksi, yaani hewa iliyojikusanya kati ya pafu na ukuta wa kifua, na hapo ndipo sindano na mrija vinapohitajika, mara moja.